Samaki Watatu wa Kanazawa

Mwadi, mwanangu, mama yangu mdogo,

Nakuandikia nikiwa jikoni. Ni saa kumi alasiri, nawe umekwenda Uccle kuwaaga rafiki zako. Begi lako limesimama karibu na mlango tangu jana. Umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi, kwa hiyo sitakuandikia habari za soksi, dawa wala karatasi za chuo. Hayo unayajua. Nimechoka, na mimi nikichoka nikaanza kutoa maagizo, huishia kugomba. Nadhani miaka kumi na minane ya kugombezwa inatosha.

Nimechagua Kiswahili kwa makusudi. Kifaransa ndicho nilichokukaripia nacho tangu tulipofika nchi hii, na najua barua ndefu ya Kifaransa kutoka kwangu ungeisoma mistari mitatu kisha ungeikunja. Kiswahili tulikiweka kwa ajili ya chakula, utani na simu za Lubumbashi. Labda kwa lugha hiyo utanisikia.

Ninalotaka kukuambia ni moja tu. Nimekaa nalo miaka sita, na Jumamosi iliyopita, kwenye sherehe yako ya kuagwa, lilinijia tena. Unakumbuka watu walivyojaa hapa kwetu Etterbeek hadi wengine wakakaa kitandani kwako. Tantine Béa alikuwa na sahani ya bukari, ugali wa kwetu, mapajani, akakuuliza kwa ile sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya barabara:

"Alors, Mwadi, kule Japon ulishaka kufika, ao ni mara ya kwanza?"

Ukajibu hata bila kumgeukia: "Ni mara ya kwanza, tantine."

"Bon. Basi usianze kula samaki mubichi. Tumbo yetu haijazobelea ile mambo!"

Watu wakacheka, nawe ukacheka nao. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na jagi la maji. Nililirudisha jikoni likiwa limejaa, nikakaa humu hadi mtu aliponiita.

Si mara ya kwanza. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa namalizia tasnifu yangu juu ya maji ya chini ya ardhi, wakanialika Kanazawa, kule kule Japani, kwenda kuisema mbele ya watu, na kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikakuchukua. Siku nane. Wewe umeamua kwamba siku hizo hazikuwapo. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba najua ni nani aliyezifuta.

Kabla ya lile soko la siku ya tano, ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni mwako. Sijui kama umeihifadhi mahali. Mimi nimeihifadhi. Siku ya pili tulipanda basi hadi kijiji cha pwani, tukaingia duka dogo lenye matangi ya maji mlangoni. Mama wa duka alimpasua chaza mkubwa kama kiganja chake, akakupa ummeze pale pale, umesimama. Uliukunja uso, ukameza, ukaniambia: "Maman, ni kama kunywa wimbi." Mama yule hakuelewa neno, lakini alicheka hadi akalazimika kuweka kisu chini. Ulikuwa na daftari la kijani. Kila duka la samaki tulilopita ulinakili maandishi ya kwenye vibao, kisha ukamuuliza mwenye duka kwa vidole na kwa maneno uliyookota kwenye katuni. Pweza. Ngisi. Kamba. Jioni uliniwekea mtihani, nami, mwanamke wa vitabu, nikashindwa kila swali. Ulinipa alama mbili kwa kumi, zote za huruma.

Sasa lazima nikuambie jambo la kambo wako, mama yangu mzazi, ambaye umebeba jina lake na ndiyo sababu nakuita mama. Alifariki miezi mitatu kabla ya safari ile. Sikwenda kumzika, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa mezani kwa mtu, na ningetoka nisingerudi; zilikuja kutoka nikiwa nimeshachelewa, wiki chache kabla ya Kanazawa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sikulia. Nilisoma, nikaandika, nikakupeleka shule, nikapanda ndege kwenda Japani nikiwa na kilio chote ndani, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki kuguswa bega.

Kambo alikuwa mtu wa samaki. Nilipokuwa mdogo alinichukua sokoni kila Ijumaa, magari ya kutoka Kasenga yalipofika. Alitia kidole chini ya shavu la samaki, akalifunua, akaangalia damu. Kisha akaminya mgongo. Kisha akanusa kidole.

"Maman, ni ya leo asubui!" wauzaji walilalamika.

"Asubui ya wapi? Ya kwako ao ya samaki?"

Akanigeukia: "Na weye unaangalia nini? Ingiza kidole. Macho ya samaki inaweza kukudanganya, mashavu hapana."

Kwetu mwanamke asiyeshika samaki kabla ya kumnunua anaonekana mjinga, au tajiri. Muuzaji akikuzuia kushika, ujue anaficha kitu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwahi kufikiri kwamba ni desturi. Nilidhani ni akili tu.

Siku ya tano tulikwenda soko lile la mjini, lenye paa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na tulikuwa na jiko dogo pale tulipopanga. Nilitaka kukupikia samaki kama wa kambo, wa nyanya na vitunguu. Nilikuwa nimeamka na hamu hiyo kama mgonjwa. Soko lilikuwa zuri mno: kaa wenye vitambulisho miguuni kama watoto wa hospitali, kamba wekundu waliopangwa kichwa upande mmoja, barafu nyeupe, na hakuna hata nzi. Hakuna harufu pia. Nakumbuka nilisema, soko gani hili lisilonuka? Ukasema, "Maman, ndiyo maana yake ni wabichi."

Tukafika meza ya mzee mmoja aliyefunga taulo kichwani. Kulikuwa na samaki wekundu kama changu juu ya barafu. Nikatia kidole. Nikafunua shavu la wa kwanza, nikaminya mgongo. Nikaenda kwa wa pili. Nilipofika kwa wa tatu yule mzee akapiga kelele, "Aa!", akainua mikono, akaikunja msalaba mbele ya kifua chake.

Wewe ulielewa mara moja. Ulinivuta mkono. "Maman, anasema tusiguse. Samaki, hawaguswi."

"Nyamaza."

"Maman, kuna kibao, angalia, nimekisoma..."

"Nimesema nyamaza. Hawa watu hauwajui."

Mimi niliona ile mikono tu. Niliona msalaba uliowekwa mbele yangu, mbele ya watu waliogeuka kutazama, mimi na mwanangu tukiwa watu weusi wawili pekee chini ya paa lile. Nikaanza kumwambia mzee, kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba fedha zangu zina rangi sawa na za wengine. Hakuelewa. Aliinamisha kichwa, akawatoa wale samaki watatu kwenye barafu mmoja mmoja, akawaweka katika sanduku chini ya meza. Hapo nikakuambia sentensi ambayo ningetoa miaka ya maisha yangu niirudishe kinywani:

"Umeona? Tuliyemgusa sisi, wao wanamtupa."

Nawe, mtoto wa miaka kumi na miwili, ukaniacha, ukapiga hatua mbele, ukainama mbele ya yule mzee, mikono ubavuni, mgongo umenyooka, ukaomba radhi kwa lugha yake.

Nikakupiga kofi.

Sikumbuki sauti yake. Nakumbuka daftari la kijani likianguka. Nakumbuka mzee yule alivyonitazama, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeona ajali. Akachukua mfuko mdogo wa barafu, ile mifuko wanayowapa wanunuzi wawawekee samaki hadi nyumbani, akaufunga kwa kitambaa safi, akakunyoshea kwa mikono miwili. Kwa ajili ya shavu lako.

"Usichukue," nikasema.

Ulichukua. Uliuficha mfukoni mwa koti, ukadhani sikuona. Ndani ya basi barafu iliyeyuka, doa la maji likashuka hadi kwenye goti lako, nawe ukakaa wima ukitazama dirishani kama vile hakuna baridi. Niliona, Mwadi. Niliona kila tone. Ningeweza kusema neno moja. Niliangalia upande wa pili.

Usiku ule tulikula mkate.

Hadi hapa ni mambo unayoyajua, ingawa hatujawahi kuyataja. Linalofuata hulijui.

Asubuhi ya siku ya mwisho, ungali umelala, nilirudi sokoni peke yangu. Nilijiambia nakwenda kununua matunda ya safari. Nikasimama nyuma ya nguzo, karibu na masanduku ya figili, nikaitazama meza ya yule mzee. Akaja bibi kizee mwenye kikapu cha magurudumu. Alisimama mbele ya samaki, mikono nyuma ya mgongo, akaonyesha mmoja kwa kidevu. Mzee akamwinua samaki kwa mikono miwili, akamfunua shavu mwenyewe, akamwonyesha bibi damu. Akamgeuza. Akamwonyesha upande wa pili. Bibi akatikisa kichwa. Mzee akamrudisha, akamwinua mwingine. Bibi akatikisa kichwa tena. Hadi wa nne. Alikagua kama kambo wako, kwa ukali uleule, na nusura nimsikie akiuliza asubuhi ya wapi. Tofauti ni kwamba alikagua kwa mikono ya mwenye samaki.

Kisha akapita mtalii mmoja, mzungu mrefu mwenye kamera, akambonyeza kaa mgongoni. "Aa!" Mzee akakunja mikono msalaba. Msalaba uleule. Yule mzungu akacheka, akainua viganja kuomba radhi, akaondoka zake na siku yake ikaendelea.

Nilisimama pale muda mrefu. Mikono ya mzee ilikuwa myekundu kwa baridi. Kutoka kwenye ile nguzo hadi mezani pake zilikuwa hatua ishirini hivi. Sikuzipiga. Nilinunua machungwa madogo, nikarudi, nikakukuta umekwisha kukunja nguo. Nikakupa chungwa. Ukasema asante. Ilikuwa nafasi ya kukuambia ulikuwa umeelewa sawa, nami nilikuwa nimekosea, nami nikasema, "Fanya haraka, tutachelewa treni."

Unaona? Kofi lilikuwa la mtu aliyepandwa na hasira, na la namna hiyo mtoto anaweza kumsamehe mama. Lakini kuanzia asubuhi ile nilikuwa najua. Nilijua nikiwa kwenye ndege, nilijua tulipofika nyumbani, nilijua nilipoliona daftari la kijani kwenye takataka, chini ya maganda ya viazi, na sikulitoa. Nilijua pia miaka mitatu baadaye, pale mwalimu wako aliponipigia simu kunipongeza kwa binti anayejifunza Kijapani peke yake maktabani kila Jumatano. Wewe uliniambia unakwenda kuogelea. Kila Jumatano ulirudi na taulo umelilowesha. Nililianika bila kuuliza. Mtoto wangu alikuwa analowesha taulo kwenye bomba la maktaba ili nisijue anapenda kitu.

Sisemi hasira yangu ilitoka hewani. Umekua katika mji huu, unajua. Unajua yule mlinzi wa duka la Uccle anayenifuata hadi kwenye jibini. Hujui habari ya profesa aliyefunga tasnifu yangu akaniuliza kwa upole ni nani aliyenisaidia kuiandika. Nilitabasamu. Huku mara nyingi nilitabasamu, kwa sababu huku nilikuwa na karatasi za kusubiri, na mtoto, na kodi. Hasira zote ambazo sikuwapa waliozistahili nilizisafirisha hadi upande wa pili wa dunia nikamwagia mzee aliyekuwa analinda samaki wake. Na zilizobaki nikakupa wewe, kwa kuwa ulikuwa karibu zaidi.

Itafika siku mtu atakukunjia mikono msalaba, na itakuwa ni kwa sababu yako kweli, kwa sababu ya ngozi hii. Kule pia. Sitakudanganya. Ungetaka nikufundishe kutofautisha, na ningejua ningeandika hapa kwa herufi kubwa. Sijui. Nina miaka thelathini na sita, nina digrii ukutani, na bado kila mara nakosea upande mmoja au mwingine. Nacheka panapostahili ghadhabu, naghadhibika panapostahili kibao kisomwe. Ninalojua ni hili: siku ile, chini ya paa lile, kati yetu watatu kulikuwa na mtu mmoja aliyeelewa, naye ndiye niliyempiga.

Asubuhi ya leo uliniuliza kwa nini nataka tuende wote soko la Midi, na mvua hii. Nilikuambia ni kwa ajili ya samaki wa mwisho. Huwa huji. Tangu Kanazawa, ukija, husimama nyuma yangu na mikono mifukoni, na samaki hujawahi kumshika, hata jikoni. Yule muuzaji wa Tangier aliponiona akapaza sauti kama kawaida yake:

"Daktari wa samaki amefika! Leo nani anafanyiwa upasuaji?"

Nikaweka mikono nyuma ya mgongo. "Nifunulie wewe," nikamwambia. "Nionyeshe ndani."

Akaacha kufunga mfuko. "Madame, unaumwa?"

"Siumwi. Nionyeshe, tafadhali."

Akakugeukia wewe. "Mademoiselle, mama yako ana nini? Miaka kumi ananiharibia samaki, leo ananiogopa?"

Ulikuwa unatazama mikono yangu. Uliitazama kwa muda mrefu, na watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Maji ya turubai yalikuwa yananidondokea shingoni, na nilibaki vile vile, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili:

"Maman, kamata tu. Huku ni Midi."

Sikushika. Niliifunga mikono mgongoni kwa nguvu zaidi. Ndipo ukatoa mkono wako mfukoni, ukatia kidole chini ya shavu la samaki, ukalifunua, ukainama kutazama, ukaminya mgongo.

"Hii ni ya juzi," ukasema. "Lete ile ingine."

Hakuna aliyekufundisha sauti ile ya kambo wako. Ulikuwa na miaka minne tulipotoka Lubumbashi. Muuzaji hakuhitaji kutafsiriwa; akajishika kichwa kwa mikono miwili: "Eh, Mungu wangu, sasa wamekuwa wawili!"

Tulirudi na tramu. Ulinishikia mwavuli.

Sijui ulielewa nini pale. Labda ulielewa yote. Labda uliona tu mama yako amefanya kituko sokoni, ukamwokoa. Nimetunza maneno ndani miaka sita nikitumaini utayaelewa bila mimi kuyasema, na nimechoka kutumaini hivyo. Basi nayasema. Nilikupiga kwa sababu ulifanya jambo la adabu ambalo mimi sikuliweza. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe, Mwadi. Nakuomba bila kukuwekea muda. Kesho tukiwa garini kwenda uwanja wa ndege tuongee habari za mvua, ukitaka. Nitaiweka barua hii ndani ya begi, chini ya sweta la bluu, mahali utakapoifikia baada ya siku kadhaa, baridi ikianza.

Sikuombi uende Kanazawa. Japani ni kubwa, na chuo chako kiko mbali na pale. Lakini ukipita, na soko likiwapo, na mzee yule akiwa bado na nguvu za kusimama kwenye maji yale ya baridi, usimweleze mambo yetu. Simama tu mbele ya meza, mikono mgongoni, umwonyeshe samaki mmoja kwa kidevu. Mwache akufunulie. Hata akiwa mzuri, tikisa kichwa umkatae, wa pili pia, hadi wa nne, ili kambo wako apumzike. Kisha wanunue watatu. Ni wengi kwa mtu mmoja, najua. Wanunue watatu.

Na mtu akikuuliza tena, Tantine Béa au mwingine yeyote, kama ulishawahi kufika kule, tafadhali usiseme hapana. Mwambie hii ni mara ya pili. Mwambie mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikwenda na mama yako, ukasoma kibao ambacho yeye hakukisoma, ukainama vizuri.

Samaki yumo kwenye nyanya, nimepunguza moto. Nasikia ufunguo wako mlangoni.

Mama yako